Umuulize Yule Alalaye Karibu Naye



Katika hospitali kuna swali moja ambalo sisi tunaotunza wagonjwa tunaliuliza kila siku, nalo ni hili: "Unalala vizuri?" Mgonjwa anajibu, "Ndiyo, munganga, ninalala sana." Tunaandika katika fishi yake kwamba analala vizuri, kisha tunaita mwingine. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo kwa miaka mingi. Leo nasema wazi kwamba tunamwuliza mtu asiyefaa. Aliyelala hawezi kushuhudia usingizi wake. Katika nyumba nzima, yeye peke yake ndiye hakuwapo.

Aliyekuwapo ni mke wake, au mume wake, au ndugu alalaye naye chumba kimoja. Huyu amesikia mkoromo mkubwa, kisha kimya. Amehesabu moyoni: moja, mbili, tatu, mpaka kumi, mpaka ishirini. Amejiuliza, "Je, amekufa?" Ndipo mgonjwa amestuka kama mtu anayetoka ndani ya maji, amevuta pumzi kwa nguvu, na mkoromo umeanza tena. Asubuhi mgonjwa hakumbuki neno lolote. Na yule aliyekesha karibu naye anaketi nje kwenye baraza ya hospitali, ameshika kikapu cha chakula, wala hakuna anayemwita aingie.

Ugonjwa huu unaitwa apnea ya usingizi, maana yake ni kukatika kwa pumzi wakati wa kulala. Unawapata watu wengi, zaidi wale walionenepa na waliozidi umri. Lakini hapa nataka kusema juu ya watu ambao tunawasahau, yaani wale waliozaliwa na ugonjwa wa nyuzi za mwili. Maoni yangu ni haya: kila mtu mwenye ugonjwa huo aulizwe na kupimwa habari za usingizi wake, hata kama ni kijana, hata kama ni mwembamba, hata kama halalamiki.

Labda utauliza, nyuzi za mwili ni nini? Ukichinja mbuzi na kumchuna, unaona utando mweupe mwembamba ulioshika nyama pamoja, na kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Mwili wako pia umefungwa hivyo. Nyuzi hizo ziko katika ngozi, katika viungo, katika macho, katika mishipa ya damu, na katika koo. Mtu mwingine anazaliwa na kosa katika urithi wake, na kwa sababu hiyo nyuzi zake zimefumwa dhaifu, kama kikapu kilichosukwa kwa nyasi zilizooza. Kwa macho kikapu ni kizima. Tia mzigo ndani yake ndipo utajua.

Magonjwa ya namna hii ni mengi. Nitataja mawili tu. La kwanza linaitwa Marfan, kwa jina la munganga Antoine Marfan wa Paris, ambaye mwaka 1896 aliandika habari za msichana mdogo mwenye vidole virefu vyembamba sana. Mwaka 1991 wataalamu walitambua mahali pa urithi palipo na kosa hilo. Inahesabiwa kwamba katika watu 5,000 mmoja hivi anao. Basi katika mji wa watu 100,000 wanaweza kuwapo 20. Mwenye Marfan mara nyingi ni mrefu na mwembamba. Akinyosha mikono pande mbili, upana wake unapita urefu wake. Akishika kifundo cha mkono wake kwa mkono wa pili, kidole gumba na kidole kidogo vinapitana. Kifua chake kinaweza kuingia ndani au kutokeza nje, mgongo unapinda, macho hayaoni mbali, na kioo cha ndani ya jicho kinaweza kutoka mahali pake. Tazama vema: urefu peke yake si ugonjwa. Kuna jamaa nzima za watu warefu ambao hawana kosa lolote. Ni alama hizi zikikutana pamoja ndipo tunashuku.

La pili linaitwa Ehlers-Danlos, kwa majina ya wanganga wawili, Ehlers wa Denmark aliyeandika mwaka 1901, na Danlos wa Ufaransa aliyeandika mwaka 1908. Wataalamu waliokubaliana mwaka 2017 walihesabu aina 13. Huyu viungo vyake vinalegea. Kidole kidogo kinarudi nyuma mpaka kinasimama, kidole gumba kinagusa mkono, magoti na viwiko vinapita mpaka wake. Katika aina nyingine ngozi inavutika kama mpira, inachanika upesi, na makovu yake ni mapana na membamba kama karatasi. Akiwa mtoto, wenzake wanamwomba awaonyeshe michezo ya kupinda vidole, nao wanacheka. Akiwa mtu mzima, bega linatoka mahali pake anapoinua ndoo ya maji, naye hachekwi tena bali anaitwa mvivu.

Magonjwa haya yanakaa katika jamaa. Mzazi mwenye Marfan, kila mtoto wake ana nafasi moja katika mbili ya kuirithi. Lakini kadiri ya robo ya wagonjwa ni wa kwanza katika jamaa yao. Baba na mama hawana kitu. Sitaki kupita hapa upesi, maana jambo hili limeharibu nyumba nyingi. Katika Marfan, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, unaoitwa aorta, unapanuka kidogo kidogo, na siku moja unaweza kupasuka. Mtu anashika kifua chake, anaanguka, na kabla ya jioni amekufa. Miaka kumi baadaye mwanawe mrefu anakufa vilevile. Watu wanasema nini? Wanasema ni ulozi. Wanamtafuta mjane, au mjomba, au mzee fulani asiye na mtetezi, wanamfukuza kijijini. Na mtoto wa tatu, ambaye angeweza kusaidiwa, hakuna anayempeleka hospitali, kwa kuwa wanaamini sababu imekwisha patikana. Mwaka 1972 wanganga wa Marekani waliohesabu vifo vya watu wenye Marfan waliona kwamba wastani wa umri wao wa kufa ulikuwa miaka 32. Leo, kwa dawa za kupunguza nguvu ya damu na kwa kupasuliwa kabla mshipa haujapasuka, wengi wanaofuatwa vizuri wanaona wajukuu wao. Basi kujua ni jambo kubwa.

Sasa turudi kwenye usingizi. Koo ni njia ya hewa isiyo na mfupa wa kuizunguka. Mchana nyama za koo zinaishika wazi. Usiku nyama zinalegea, kwako na kwangu pia. Mtoto akikata bua la jani la papai anaweza kuvuta maji kwa bua hilo, maana ni bichi, kuta zake ni ngumu. Bua likinyauka, akivuta, kuta zinashikana na maji hayapiti. Koo la mtu mwenye nyuzi dhaifu ni kama bua lililonyauka. Tena, wengi wenye Marfan wana paa la kinywa lililo juu sana na jembamba, taya dogo lililorudi nyuma, na pua yenye njia nyembamba. Inawapasa kuvuta hewa kwa nguvu zaidi, na kwa kuvuta hivyo koo linajifunga. Huna haja ya kuwa mnene ili upate shida hiyo.

Katika miaka ya 1990, wanganga wa Sydney katika Australia, Cistulli na Sullivan, walipima usingizi wa watu wenye Marfan, wakaona kwamba apnea ni ya kawaida kwao na kwamba koo zao zinajifunga kwa urahisi kuliko za watu wengine. Katika Zurich, Uswisi, habari zilizotolewa mwaka 2017 zililinganisha watu 100 wenye Ehlers-Danlos na watu 100 wasio nao. Katika wenye ugonjwa, 32 walikuwa na apnea. Katika wale wengine, 6. Soma hesabu hiyo tena. Ni karibu mmoja katika watatu.

Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, tunaihesabu kuwa ni mara moja. Mtu mzima akikatikiwa mara 5 au zaidi katika saa moja ana apnea. Akifika 15 ni ya katikati. Akifika 30 ni kali. Fikiri mara 30 katika kila saa, kwa saa saba. Kila mara oksijeni katika damu inashuka, ubongo unamwamsha mtu nusu bila yeye kujua, moyo unapiga mbio, na tansio inapanda. Tena kifua kinavuta kwa nguvu juu ya njia iliyofungwa, na mvuto huo unafika mpaka kwenye ukuta wa aorta. Kwa mtu mwenye mishipa imara ni taabu. Kwa mwenye Marfan ni kama kuvuta kila usiku kamba ambayo mchana tunampa dawa ili isivutwe. Wanganga bado wanabishana kama kutibu apnea kunazuia aorta isipanuke. Mimi sitangoji mpaka wamalize. Tansio inayopanda mara mia kwa usiku haiwezi kuwa rafiki ya mshipa dhaifu.

Hapa nina neno la kulaumu, nalo linatuhusu sisi wa hospitali kuliko wewe. Mahali pengi duniani wanatumia orodha ya maswali 8 iliyotengenezwa Toronto, Kanada, na kutolewa mwaka 2008. Ni orodha nzuri kwa kazi iliyotengenezewa, yaani kuwapima watu kabla ya kupasuliwa. Inauliza kama unakoroma, kama unachoka mchana, kama mtu ameona pumzi yako imekatika, kama una tansio. Kisha inauliza kama u mnene sana (kwa mtu wa mita 1 na sentimita 70, hiyo ni kupita kilo 100), kama umepita miaka 50, kama shingo yako inapita sentimita 40, na kama u mwanamume. Sasa mlete binti wa miaka 24 mwenye Ehlers-Danlos, kilo 48, shingo kama ya korongo. Maswali manne ya mwisho yote atajibu hapana. Analala peke yake, basi hajui kama anakoroma wala hakuna aliyemwona. Tansio yake iko chini. Anabaki na swali moja tu, la kuchoka, na kuchoka kwake tunakwisha kukueleza kuwa ni kwa sababu ya viungo. Anakwenda nyumbani. Orodha haikukosea, sisi tulikosea kumpimia kwa kipimo cha mtu mwingine.

Huyu binti hatakuja kukuambia, "Nina apnea." Atakuambia kwamba anaamka na maumivu ya kichwa, kwamba kinywa chake ni kikavu asubuhi, kwamba anaamka usiku mara nyingi kwenda kukojoa, kwamba moyo wake unapiga mbio gizani, kwamba anasahau. Atasinzia shambani akiwa ameshika jembe. Atasinzia kanisani, na wazee wa kanisa watamwita na kumwonya, naye ataona haya. Ndugu wazee, kabla ya kumwonya mtu anayesinzia kila siku ya ibada, mwulizeni kwanza habari za usiku wake. Na kama yeye ni dereva wa kamyo au wa moto, msingoje hata siku moja.

Katika nchi yetu tukisema "ugonjwa wa usingizi," kila mtu anafikiri malale, ule unaoletwa na mbung'o. Ni haki kufikiri hivyo. Kongo ndiyo yenye wagonjwa wengi wa malale kuliko nchi zote, ingawa hesabu imeshuka sana: mwaka 1998 karibu watu 40,000 walionekana katika Afrika, na mwaka 2018 hawakufika 1,000. Basi mtu anayesinzia mchana, aliyetoka mahali penye mbung'o, apimwe damu yake kwanza, hata kama ni mrefu na vidole vyake ni virefu. Malale isiyotibiwa inaua, na siku hizi kuna vidonge vya kuitibu. Usimwache mtu kwa sababu umesoma ukurasa huu juu ya apnea.

Lakini malale imetufundisha jambo lingine pia, na ndilo ninalotaka ulishike. Wazee wetu wanakumbuka jinsi kundi la wanganga lilivyofika kijijini, watu wote wakapangwa mstari, wazima na wagonjwa, kila mmoja akaguswa shingo yake kutafuta tezi zilizovimba. Hawakungoja mtu aseme, "Nina usingizi." Walijua kwamba akifika kusema hivyo, mdudu amekwisha ingia katika ubongo. Watu wengine walinung'unika: "Mimi si mgonjwa, kwa nini mnanigusa?" Hata hivyo kazi hiyo ndiyo iliyopunguza malale, kuliko kungoja katika dispanseri. Kumpima asiyelalamika si jambo geni kwetu. Tunalijua tangu siku za babu zetu. Ninaomba tulitumie kwa kundi dogo hili pia. Sisemi tupange mstari kijiji kizima kwa ajili ya mkoromo. Hiyo ingekuwa kupoteza wakati na franga. Nasema wale ambao tumekwisha wajua kwa macho yao, kwa viungo vyao, kwa mshipa wao mkuu, na ndugu zao wenye alama zilezile.

Kuna wanaonijibu hivi: "Kipimo cha kweli cha usingizi kinataka nyaya kichwani na kifuani, na chumba, na fundi wa kusoma. Hospitali za kijiji hazina. Na mkiuona ugonjwa, mtafanya nini bila mashine? Mnampa mtu hofu tu." Neno hili lina nguvu, wala silidharau. Lakini halishindi, maana kipimo cha kwanza hakihitaji nyaya. Kinahitaji mtu anayempenda mgonjwa, saa, na usiku mmoja au miwili.

Fanya hivi. Mwache alale kama kawaida yake. Wewe ukeshe katika saa za mwisho za usiku, tuseme tangu saa tisa mpaka alfajiri, maana wakati huo usingizi wa ndoto ni mwingi na koo linalegea zaidi. Tazama kifua na tumbo. Ukiona kifua kinajitahidi kupanda lakini husikii hewa puani wala kinywani, hesabu sekunde mpaka pumzi irudi. Andika kila mara inayopita 10. Angalia amelala namna gani, chali au ubavu. Kama una simu inayonasa sauti au picha, nasa dakika chache, munganga ataelewa zaidi kuliko kwa maneno mengi. Usimwamshe ili kumwonyesha. Na kama ni mtoto, usingoje hesabu ya 5. Kwa mtoto hata mara moja kwa saa si kawaida. Mtoto huyo anatoka jasho kichwani akilala, anakunja shingo nyuma kutafuta hewa, anakojoa kitandani tena baada ya kuacha, na mwalimu anasema hasikilizi.

Hata hivyo usikosee: ukikesha na usione kitu, haina maana kwamba hana ugonjwa. Macho yanaona pumzi iliyokatika kabisa. Hayaoni pumzi iliyopungua nusu, na katika watu hawa wembamba mara nyingi ndivyo ilivyo. Kwa hiyo, kama dalili za mchana zipo, hospitali imfunge usiku kucha kile kidude kidogo cha kubana kidole kinachopima oksijeni, ambacho wengi walikijua wakati wa Korona mwaka 2020. Kiwe cha namna ile inayohifadhi hesabu za usiku wote. Nacho kina makosa yake: kwa watu wenye ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko ilivyo kweli, na kijana mwenye mapafu mazima anaweza kusumbuka usiku kucha bila oksijeni kushuka sana. Kikionyesha ubaya, uamini. Kikionyesha wema na mgonjwa bado anasinzia, tumtume mahali penye kipimo kamili, kama njia ipo.

Na msaada? Ni kweli kwamba msaada mkubwa ni mashine. Mwaka 1981 Sullivan, yule yule wa Sydney, alitoa habari za mashine inayosukuma hewa puani usiku kucha ili koo lisijifunge. Kabla ya hapo wagonjwa wakali walitobolewa shingo. Mashine hiyo inagharimu mamia ya dola, inataka umeme, au betri na mwanga wa jua. Wachache kati yetu watapata. Sitawadanganya. Lakini sikubali kwamba asiye na mashine hana kitu. Wengi wanakatikiwa zaidi wakilala chali. Shona mfuko mgongoni mwa shati la kulalia, tia mpira mdogo ndani yake, naye hatalala chali tena. Mwenye Ehlers-Danlos awekewe mto mbele ya kifua na chini ya mkono, bega lisije likatoka. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa tofali moja kila upande. Pua iliyoziba itibiwe. Mtoto mwenye tezi kubwa za koo apelekwe kwa munganga wa kupasua. Kasiksi na lotoko zinalegeza koo kuliko usingizi wenyewe, na vidonge vya usingizi vinavyouzwa sokoni bila karatasi ya munganga ni hatari kwa mtu huyu. Anayemwonea huruma na kumpa kidonge ili "alale vizuri" anamfunga koo.

Akipata mashine au kifaa cha kinywani cha kusogeza taya mbele, infirmiye akumbuke kwamba ngozi ya Ehlers-Danlos inachubuka chini ya kamba, na kiungo cha taya kinaweza kutoka. Tuanze pole pole.

Jambo moja zaidi, nalo halina gharama hata franga moja. Mtu huyu akija kupasuliwa, au mama huyu akiingia maternite, waliomo katika chumba cha operasio wajue mapema kwamba pumzi yake inakatika. Dawa za kulaza na dawa kali za maumivu zinalegeza koo na kumnyima ubongo nguvu ya kustuka. Asubuhi ya kwanza baada ya kupasuliwa si wakati mzuri wa kugundua. Na mama mwenye Marfan aliyechukua mimba ana shida mbili pamoja, maana mimba inaongeza mkoromo na inasumbua aorta. Huyo afuatwe tangu mwezi wa kwanza, kwa moyo na kwa usingizi pia.

Basi, wewe unayesoma ukiwa umeketi kwenye baraza na kikapu chako, ukingoja ndugu yako mrefu mwenye macho mabovu, au mke wako ambaye viungo vinatoka: andika hesabu ya usiku wako kwenye kipande cha karatasi, hata kwa kalamu ya makaa. Jina lake likiitwa, simama pamoja naye. Infirmiye akikuambia ungoje nje, mwambie kwa heshima kwamba wewe ndiwe uliyekuwapo usiku, na umpe karatasi.